Trela, Fito na Tope: Nyumba ya Kuhama Katika Delta ya Tana

Minjila ni mahali pa kuchagua njia. Atokaye Malindi, akishapita zaidi ya kilomita mia moja za nchi tambarare, hapo huamua: aende moja kwa moja hadi Garsen, kisha Hola na Garissa, au akunje kulia ashike njia ya Witu na Lamu. Njia zote mbili Mto Tana umewahi kuzikata. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoujaza mto, magari ya Lamu yalikwama kwenye maji upande wa Gamba, na njia ya Garissa nayo haikupona. Miezi michache tu ikapita, maji yakarudi. Mwishoni mwa Aprili 2024, pale Mororo, mpakani mwa kaunti za Tana River na Garissa, mashua iliyokuwa ikivusha watu juu ya barabara iliyofunikwa ilipinduka, na wapo waliopoteza maisha.

Nyakati hizo familia nzima hujihamisha. Magodoro, sufuria, mitungi ya maji na magunia ya mchele hupakiwa juu ya gari la punda, kuku wamefungwa miguu, mtoto mdogo kawekwa kileleni mwa mzigo. Ikifikiwa nchi kavu, turubai hutupwa juu ya gari lilelile na kufungwa kwa mawe au vigingi. Usiku huo gari ndilo nyumba. Hakuna anayelihesabu kuwa chombo kilichobuniwa, kwa kuwa halikubuniwa. Limetokana na dharura. Ila kazi linayoifanya ni ileile ambayo watu wa Ulaya na Marekani wameinunulia trela za kulala kwa zaidi ya karne moja.

Basi familia ya watu sita au saba wa pande za Garsen, yenye punda wawili au pikapu kuukuu ya mjomba, ikitaka kujitengenezea makao ya kuhama nayo kwa fundi wa jua kali aliye karibu, itengeneze nini?

Jibu linalokuja kwanza kichwani, yaani kibanda cha plaiwudi na mabati kilichokazwa juu ya ekseli, ndilo baya kuliko yote. Sababu zake ni za uzito, za joto, za udongo na za sheria. Sababu nyingine ni kwamba wanawake wa nchi hii walikwisha kulijibu swali hili, na jibu lao halina ukuta hata mmoja usiofunguka.

Kibanda juu ya magurudumu kina historia ya watu wenye barabara nzuri. Mwaka 1885 daktari na mwandishi William Gordon Stables aliagiza kiwanda cha mabehewa cha Bristol, Uingereza, kimtengenezee gari la kulala lililoitwa The Wanderer. Lilikuwa na uzito wa karibu tani mbili, likivutwa na farasi wawili, naye alilitumia kutalii. Nyumba yake ya kudumu ilibaki ikimngoja. Miongo minne baadaye, huko Marekani, Wally Byam alipachika hema juu ya chesisi ya gari la Ford Model T. Hema lilisumbua kulisimamisha, mvua ikaingia, na mkewe Marion hakutaka safari isiyo na jiko. Byam akarekebisha, akawauzia michoro watu waliotaka kujijengea nyumbani, na mwaka 1936 akatoa Airstream Clipper ya alumini, iliyong'ara kama ndege. Inafaa kuangalia alikoanzia: chesisi nyepesi na hema la kuvuliwa. Kwa barabara zake, kuliacha hema lilikuwa jambo la busara. Kwa udongo wa Garsen, pengine alipoanzia ndipo pa kubakia.

Kenya nayo imewahi kuona familia zikiishi ndani ya magari. Mwaka 1908 Jansen van Rensburg aliwaongoza Makaburu kutoka Transvaal; wakashuka melini Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, na kutoka hapo wakaupanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Safari ambayo leo ni ya saa chache iliwachukua zaidi ya miezi miwili, na adui wao mkubwa hakuwa simba wala baridi ya mlimani. Alikuwa tope. Magari yalizama hadi kwenye ekseli, ikabidi mizigo ishushwe, magari yanasuliwe matupu, mizigo ipakiwe upya. Paa la gari lile lilikuwa turubai juu ya matao ya mbao, kitu ambacho mwanamke wa Kiorma angekitambua mara moja, ingawa angeshangaa kwa nini matao yenyewe hayang'olewi.

Waorma ni wafugaji wa ng'ombe wanaosema lugha ya jamii ya Kioromo, na delta ya Tana pamoja na nyika iliyo nyuma yake ndiyo nchi yao, wakipakana na Wapokomo wanaolima kingo za mto, na Wawardei, Wamunyoyaya, Wawata, Wabajuni na Wamijikenda. Nyumba yao ya asili ni ya duara, yenye mgongo wa kobe: fito zinazochomekwa ardhini, zikapindwa, zikafungwa kwa kamba za magome, kisha zikafunikwa kwa mikeka au nyasi. Wasomali wa Garissa na Wajir wana nyumba ya ukoo huohuo, ambayo hujulikana pia kwa jina la herio. Wagabra wa Marsabit wana ya kwao. Zote ni kazi ya wanawake tangu kukata fito hadi kusuka mikeka, na kwa kawaida nyumba ni mali ya mwanamke. Kwa Wagabra, binti anapoolewa, mama humgawia sehemu ya nyumba yake mwenyewe, ili nyumba mpya ianze na fito zilizokwisha kujaribiwa safarini.

Mtafiti Labelle Prussin, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1995 kuhusu usanifu wa wahamaji wa Afrika, alionyesha jambo ambalo wahandisi wa trela wangepaswa kulisoma kabla ya kushika msumeno. Kwa jamii zinazofuga ngamia, nyumba na chombo cha usafiri ni kitu kimoja katika hali mbili. Fito zilizokuwa matao ya paa hufungwa ubavuni mwa ngamia na kuwa kitundu cha kupakatia watoto, wazee na wagonjwa. Mikeka iliyokuwa ukuta hukunjwa na kuwa matandiko ya kumkinga mnyama na mzigo. Kitanda hulazwa kikawa jukwaa. Hakuna kipande kinachosafiri bure.

Hapo ndipo uhandisi ulipo, wala si jambo la kulitazama kwa huruma ya makumbusho. Paa la mgongo wa kobe halina kona ya kukamatwa na upepo, na uwanda wa Tana una upepo. Ufito ukivunjika, mwingine hukatwa porini bila kungoja spea kutoka Malindi. Mikeka hupumua: hewa hupita mchana, na mvua ikinyesha nyuzi huvimba na kujibana. Nyumba nzima, ikikunjwa, ni mzigo wa ngamia mmoja au wawili, na wanawake kadhaa huisimamisha kwa saa chache.

Malighafi nayo ina mipaka yake. Mikeka ya pande hizi hutoka kwa mkoma na mkindu. Mkindu huota kwenye misitu membamba ya kando ya mto, ileile iliyotengewa hifadhi ya nyani wa Tana mwaka 1976. Mangabe wa Tana, mnyama asiyepatikana popote pengine duniani, hutegemea sana matunda na mbegu za mkindu, na utafiti wa Margaret Kinnaird uliochapishwa mwaka 1992 ulieleza jinsi binadamu na nyani wanavyougombea mti huohuo. Kwa hiyo anayependekeza kwamba kila familia irudie mikeka ya mababu lazima aeleze majani ya kusukia yatatoka wapi. Turubai la plastiki, baya kwa joto na baya zaidi linapochanika, limeingia nyumba hizi kwa kuwa lipo dukani.

Tena Waorma wengi hawahami tena kama zamani. Jean Ensminger, mwanaanthropolojia aliyeishi kwa Waorma wa Galole na kuandika kitabu juu yao mwaka 1992, alieleza jinsi familia zilivyokaa karibu na maduka, shule na visima, huku vijana wakienda na ng'ombe kwenye kambi za mbali. Nyumba ikagawika: ya mama na watoto wadogo ikawa ya kudumu, ya wachungaji ikawa kivuli cha mti. Ujuzi wa kuikunja nyumba ukaanza kubaki kwa wazee. Na zinapokuja nyumba za mabati, ununuzi hufanywa kwa fedha za ng'ombe waliouzwa, fedha ambazo mara nyingi hupitia mikononi mwa wanaume. Mali ya mke hubadilika kuwa mali ya mume bila mtu yeyote kulitangaza badiliko hilo.

Mto hata hivyo haukuacha kuhamisha watu. Tana una misimu miwili ya kufurika, masika na vuli, na kilimo cha Wapokomo kiliundwa kuufuata: mpunga hupandwa maji yanapokuja, ndizi na maembe hushika kingo zilizoinuka. Mabwawa ya nyanda za juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga lililokamilika mwaka 1981 na Kiambere baadaye, yalipunguza mafuriko ya kawaida yaliyolisha mashamba na malisho. Mafuriko makubwa hayakuzuilika. Yale ya 1997 na 1998 yaliuharibu mradi wa umwagiliaji wa mpunga wa delta uliojengwa kwa msaada wa Japani. Mwaka 2018 Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti ambazo watu wake walifukuzwa zaidi na maji nchini. Kwa kifupi, mkulima ambaye babu yake hakuwa mhamaji sasa huhama kila miaka michache, tena bila ujuzi wa mhamaji.

Turudi kwa fundi. Gari la punda la pwani na kaskazini ni chombo kinachofahamika: ekseli iliyotolewa kwenye gari lililokufa, magurudumu mawili ya hewa, jukwaa la mbao, mikono miwili ya kumfunga mnyama. Uzuri wake ni kwamba kila fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza na kila muuza vyuma chakavu ana sehemu zake. Ubaya wake ni kwamba wengi hulijenga bila mizani. Mzigo ukikaa mbele ya ekseli, mikono humkandamiza punda mgongoni. Ukikaa nyuma, mikono huinuka na mkanda wa tumbo ukambana. Gari lililopakiwa sawasawa linaweza kuinuliwa mikono yake kwa mkono mmoja wa mtu mzima. Kwa trela ya kuvutwa na gari la moto kanuni inageuka kidogo: shingo ya trela inapaswa kukaa juu ya gari kwa uzito wa kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya mzigo wote. Ikikosa uzito huo, trela huanza kuyumba mkia, na dereva mwenye mwendo kwenye lami ya Malindi anaweza kupinduliwa nayo.

Sasa hesabu. Bamba moja la plaiwudi la futi nane kwa nne, lenye unene wa milimita 12, lina uzito wa kiasi cha kilo 20. Sakafu moja, kuta mbili ndefu, paa na ncha mbili zinahitaji karibu mabamba matano: kilo 100. Fremu ya chuma cha mraba cha milimita 50, chenye unene wa milimita 3, ina zaidi ya kilo nne kwa kila mita, na fremu ya ukubwa huo pamoja na shingo yake inakula mita 14 hivi: kilo 60. Ekseli, springi na magurudumu ni kilo 80 au zaidi. Kibanda kitupu kimefika karibu kilo 240, na ndani yake bado hakuna hata kijiko. Mitungi mitano ya lita 20 ya maji ni kilo 100. Ongeza magodoro, sufuria, unga, na mzee asiyeweza kutembea.

Punda wa Afrika Mashariki ni mdogo. Wengi hawafiki kilo 150. Wataalamu wa wanyama kazi hukadiria kwamba kwenye ardhi ngumu na tambarare punda anaweza kukokota kwa magurudumu mzigo wa hadi mara mbili ya uzito wake, gari likiwemo. Yaani kibanda kitupu kinakaribia kummaliza punda mmoja. Na ardhi ya delta haiwi ngumu siku inayohitajika kuhama.

Punda mwenyewe si wa kumchukulia kuwa yupo tu. Kati ya 2016 na 2020 Kenya iliruhusu machinjio ya punda, ngozi zikienda China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Wizi wa punda ukaenea, na wanawake wanaochota maji ndio waliokuwa wa kwanza kuumia. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mnyama ambaye bei yake imepanda hivyo hafungwi kwenye mzigo wa kumvunja mgongo.

Tope la delta lastahili kutajwa peke yake. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi uliobebwa na mto, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata kama gundi unapolowa. Gurudumu jembamba huukata na kuzama. Gurudumu pana na kubwa huelea kidogo zaidi. Hii ndiyo sababu fundi mwenye akili huchagua tairi za pikapu badala ya zile ndogo za mikokoteni ya sokoni, hata kama zinaongeza kilo chache. Faida yake huonekana pale gari lingine linapobaki shimoni.

Kisha kuna mathenge. Mti huu wa Prosopis uliletwa Kenya miaka ya 1970, ukapandwa Bura na Hola mapema miaka ya 1980 ili kuipatia miradi ya umwagiliaji kuni na kivuli. Leo umejaa kandokando ya barabara na malisho ya Tana River, na miiba yake hupenya tairi kama msumari. Aendeshaye pikipiki Garsen anaijua miiba hiyo vizuri. Kwa trela ya familia jambo hili si dogo: pancha mbili njiani, usiku, mbali na pampu, zinaweza kuifanya nyumba ya kuhama kuwa nyumba ya kudumu mahali pabaya. Wapo wanaojaza tyubu mbili, moja ndani ya nyingine. Wapo wanaokata tairi kuukuu na kulitandaza ndani ya jipya. Zote ni njia nzuri, na zote huongeza uzito. Sifa moja mathenge inayo: mti wake ni mgumu, na matawi yake machanga hupindika. Fito za nyumba zinaweza kukatwa kwenye mti ambao kila mtu anatamani upungue.

Joto linakimaliza kibanda cha mabati. Tana River ni miongoni mwa kaunti za joto kali. Mwezi wa Februari na Machi nyuzi 35 za mchana si habari. Chumba cha upana wa mita moja na robo, chenye ukuta wa plaiwudi na paa lililofunikwa kwa bati, kikifungwa madirisha kwa hofu ya mbu, huwa tanuri. Kikifunguliwa, mbu huingia. Na mbu wa delta si wa kuwasha tu. Mafuriko ya 1997 na yale ya mwisho wa 2006 yote yalifuatwa na homa ya Bonde la Ufa katika pande za Garissa na Tana River, ugonjwa unaosambazwa na mbu wanaozaliana kwenye madimbwi mapya, ukaua mifugo na watu. Nyumba ya kuhama bila chandarua kilichoshonwa kwa kipimo chake ni nyumba ya nusu. Paa la matao hapa lina faida isiyotazamiwa: chandarua hutundikwa kwenye fito bila msumari, na hewa ikapita kila upande.

Sheria nayo ina neno. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, trela inayovutwa na gari la moto husajiliwa peke yake. Ndiyo maana trela za Kenya zina nambari zinazoanza na herufi Z. Inatakiwa kuwa na taa za nyuma na viakisi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo inayosimamia usajili huo. Trela ya fundi isiyo na karatasi itafika kizuizi cha kwanza cha polisi na kuishia hapo. Gari la punda halina mzigo huo wa karatasi, lakini halina taa pia, na usiku barabarani huonekana kwa kuchelewa.

Kulala njiani ni jambo jingine. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni 2014, na lile la kituo cha polisi cha Gamba mwezi uliofuata, njia ya Garsen hadi Lamu imekuwa ikisafiriwa kwa tahadhari, na kwa vipindi virefu magari yamepita kwa misafara yenye ulinzi. Anayeota kuegesha trela yake chini ya mvumo kandokando ya njia ya Witu, kama watalii wafanyavyo Namibia, aifikirie ndoto hiyo upya. Na upande wa mto nako kuna mipaka ya watu: wafugaji hufika majini kupitia malka, ujia ulioachwa kati ya mashamba, na kuegesha makao kwenye malka wakati wa kiangazi ni kuchokoza ugomvi. Umwagaji damu wa 2012 na 2013 kati ya Waorma na Wapokomo haujasahaulika na mtu yeyote wa umri wa kukumbuka.

Ukiyaweka haya yote pamoja, umbo linalofaa linaanza kuonekana, nalo ni la mchanganyiko. Chini ni gari la magurudumu mawili lisilo na kuta: fremu ya chuma, jukwaa la mbao la futi nane kwa nne, tairi za pikapu, na shingo ya kubadilishwa, mikono kwa punda au kichwa cha kufungia nyuma ya gari. Kwenye kingo za jukwaa, fundi huchomelea vipande vifupi vya bomba, vitano kila upande. Kazi yote ya kipekee ni hiyo. Vipande hivyo hupokea fito zinazopindwa kuwa matao, na matao hupokea mikeka, turubai na chandarua. Akina mama na watoto wadogo hulala juu, futi mbili au zaidi kutoka kwenye unyevu, nyoka na siafu. Wakubwa hulala chini ya kivuli kinachotandazwa ubavuni. Likifika mahali pa kukaa miezi, nyumba hushuka: fito zilezile zachomekwa ardhini kwa duara pana zaidi, na gari hubaki huru. Uzito wa sehemu ya juu hauna haja ya kuzidi theluthi moja ya ule wa kibanda cha plaiwudi.

Wapo watakaosema hiki si kitu kipya. Kweli. Maktaba ya ngamia ya Garissa, iliyoanzishwa na shirika la maktaba la taifa mwaka 1996, ilifuata mantiki hiyohiyo: ngamia wakibeba masanduku ya vitabu na hema, hema likasimamishwa, darasa likawa tayari. Shule za kuhamahama za kaunti za wafugaji zimefanya vivyo hivyo kwa ubao na mikeka. Kinachosafiri ni kile kisichopatikana mahali pengine. Kingine chote hukutwa.

Swali gumu zaidi ni la umiliki. Gari la familia moja hukaa bure sehemu kubwa ya mwaka ikiwa ni la kuhamia tu, kwa hiyo lazima lilipe gharama zake: libebe maji, mchele wa Gamba, maembe ya msimu, mchanga wa ujenzi. Bila matao yake ni mkokoteni wa kawaida, na hilo ndilo jambo ambalo kibanda cha plaiwudi hakiwezi kulifanya. Akodishaye gari la jirani hupata unafuu, mpaka mto unapopanda. Siku hiyo kila mtu analitaka gari saa ileile, na mwenye punda hupandisha bei au huihamisha kwanza nyumba yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna wa kumlaumu.

Hapo muda huwa na uzito kuliko chuma. Maji yanayofurika kutoka kwenye mabwawa ya juu hayafiki Garsen kwa usiku mmoja. Mto ni mrefu, huzungukazunguka na kutapakaa, na wimbi huchukua siku kadhaa kushuka. Tahadhari ikifika kijijini mapema na kuaminiwa, gari moja lenye punda wawili linaweza kuhamisha familia tatu au nne hadi kwenye ardhi iliyoinuka, mizigo kwanza, watu baadaye, likipakiwa nusu kila safari ili lisizame. Tahadhari ikifika maji yakiwa mlangoni, hata magari kumi hayatoshi, na kinachopakiwa ni watoto na turubai, fito zikiachwa zielee. Kwa hiyo vijiji vinavyopanga kununua magari kwa chama, kama vinavyonunua mashine za kusaga, vingepanga pia nani atapakiwa wa kwanza, nani atalisha punda wakati wa kiangazi, na fito na mikeka ya dharura vitahifadhiwa kwenye ghala la nani.